Bado Matuta Mawili

Tarehe nne Machi, saa moja na robo asubuhi, Mzee Pyo Gil-man alikuwa ameketi sakafuni anakula wali wa jana alioumwagia maji, na dagaa wakavu wa kuchovya kwenye pilipili, aliposikia kipaza sauti cha kijiji kikikwaruza. Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti Kwak. Alitangaza kwamba mama yake mzazi amefariki alfajiri, na kwamba watu wakutane nyumbani kwake saa tatu ili wenye magari wawachukue wasio na magari. Mzee Pyo alimaliza wali wake, akanyoa ndevu, akavaa suti nyeusi na kutembea hadi kwa mwenyekiti.

Alimkuta anafunga tairi la pawatila, trekta lake dogo. Mwenyekiti alimtazama kuanzia tai hadi viatu, akafungua mdomo na kusema jambo. Mzee Pyo aliona midomo inacheza, ila alichosikia ni milango ya magari ikifungwa, na wanawake wakilia upande wa jikoni ambako hapakuwa na mtu. Mwenyekiti akafuta mikono, akachana kipande cha boksi na kuandika: Mama alikufa miaka mitatu iliyopita, mzee. Leo ni kumbukumbu yake. Kisha akaandika chini yake: Maadamu umeshavaa, ingia ule.

Mzee Pyo akaingia. Walimpa supu ya nyama na peari, akala, na pembeni yake kilio cha miaka mitatu iliyopita kiliendelea mpaka alipoaga.

Masikio yake yalikuwa yameanza kuchelewa mwezi Januari. Mwanzoni zilikuwa dakika chache tu, mbwa anafunga mdomo ndipo anasikika akibweka. Ilipofika Februari, Sikukuu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, zikawa siku, halafu miezi, na mwisho wa Februari yakatulia kwenye miaka mitatu kamili, tarehe kwa tarehe na saa kwa saa. Popote aliposimama alisikia kilichosikika mahali pale miaka mitatu nyuma. Habari hiyo haikumshtua mtu Solgol. Kijiji kina watu ishirini na sita, mdogo wao ni mwenyekiti mwenye miaka sitini na minane, na kila mmoja ana kiungo kimoja kilichojiamulia mambo yake.

"Wenzio tunazeeka tukienda mbele, shemeji, wewe umeamua kurudi," alisema Bibi Jeom-sun, jirani yake, anayesukuma kigari cha mtoto kisicho na mtoto ili mgongo upate pa kuegemea. Alipokumbuka kwamba hasikiki, aliuandika mzaha huo wote nyuma ya karatasi ya kalenda, usije ukapotea bure.

Mzee Pyo alikwenda mjini kwa daktari wa masikio. Aliondoka kwa basi la asubuhi na kurudi kwa basi la jioni, maana mengine yote yalikuwa yamefutwa na leseni yake ya udereva alikuwa ameirudisha serikalini alipotimiza miaka sabini na tisa. Daktari alimulika kila upande, akamwandikia kwamba masikio ni mazima, yamechelewa tu, na mashine ya kusikilizia ingeongeza sauti lakini isingeiwahisha. Akamalizia kwa kuandika: Kwa umri wako ni kawaida. Mzee Pyo aliyajua maneno hayo. Aliwahi kupewa kwa ajili ya magoti, kwa ajili ya usingizi unaokatika, kwa ajili ya chakula kukosa ladha, na mara moja, alipolia mbele ya muuguzi bila kujua anacholilia, alipewa kwa ajili ya hilo pia.

Akarudi nyumbani, akavua viatu, na mkewe akamwuliza kutoka jikoni kama amefunga lango.

Bun-nam alikuwa amekufa tarehe tisa Juni, na mwaka huu ingetimia miaka mitatu, uani, juu ya kigoda, akikata mizizi ya vitunguu saumu wakati wa mavuno. Mumewe alikuwa shambani, hatua kama mia tatu kutoka hapo. Waliomwosha walimwambia Mzee Pyo kwamba mkewe alikwenda kama aliyelala, hakusema neno, hakumsumbua mtu. Bibi Jeom-sun ndiye aliyeyasema hayo kwa mkazo zaidi. Mzee Pyo aliyashika maneno yale kwa mikono miwili na kuishi nayo miaka mitatu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Sasa ilikuwa Machi, na kwa masikio yake Bun-nam alikuwa na miezi mitatu ya kuishi.

Wanaume wa mkoa ule wanasemwa kwamba wakiingia nyumbani jioni wana maneno matatu tu: Watoto? Chakula. Tulale. Watoto walipohamia mjini, Mzee Pyo alibaki na mawili. Kwa hiyo sauti iliyoijaza nyumba ilikuwa ya Bun-nam peke yake. Alisema na sufuria, na paka wa jirani, na miche ya pilipili dirishani. Mzee Pyo aligundua kwamba katika miaka hamsini na mbili hakuwahi kumsikiliza mkewe akimaliza sentensi. Alianza kumfuata. Sauti ilipokuwa jikoni alisimama jikoni, ilipokwenda kisimani alivaa ndala akaenda nayo. Aliacha kwenda kwenye ukumbi wa wazee, ambako sakafu hupashwa moto na wenzake hucheza karata za maua. Hakuwa na sababu ya kukaa kule akisikia karata za mwaka ule, tena zikipigwa na watu ambao nusu yao wamezikwa.

Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya Machi.

"Baba Jin-uk," Bun-nam alisema, "kifua kinanibana tangu juzi. Twende hospitali kubwa wakanitazame?"

Na mzee akaisikia sauti yake mwenyewe, ya mtu mwenye chakula mdomoni, ikijibu kutoka mahali alipokuwa amekaa.

"Tukimaliza vitunguu."

Hapakuwa na ubaya wa pekee katika jibu hilo. Solgol kila mtu hulisema. Kitunguu saumu hupandwa Oktoba na kung'olewa Juni, na kisipotoka kabla ya mvua za mwisho wa Juni kinaozea ardhini. Kwa hiyo meno hung'olewa Julai, macho hupasuliwa Julai, na wachumba husubiri Julai. Kuna mtu aliyevunjika mkono Mei akaufunga kwa kamba ya nailoni mpaka mavuno yalipokwisha, na mpaka leo anatajwa kwa sifa. Mzee Pyo alimaliza kusikia jibu lake, akaenda kusimama mahali ambapo mkewe angekuwa amesimama, na kusema, "Twende. Twende leo." Hakuisikia sauti yake, lakini alijua kwamba amesema kwa sababu koo lilimuuma.

Tangu siku hiyo alimjibu kila neno. Alipoulizwa kama anataka chai alisema ndiyo, asante, jambo ambalo hakuwa amelisema akiwa mzima wa masikio. Bun-nam alipolalamika kwamba usiku hapumui vizuri, mzee alisema, "Nimekusikia, mke wangu." Sauti yake ya zamani nayo iliendelea na kazi yake. Tukimaliza vitunguu. Nimesema tukimaliza vitunguu. We mama, hujui kama kuna vitunguu? Kuna siku aliivulia ndala na kuirushia, ndala ikagonga jokofu.

Tarehe kumi na nne Mei, wakati wa chakula cha mchana, alikuja Bi Da-hye wa huduma za wazee. Alikuwa msichana mpole mwenye barakoa na fomu ya maswali kumi na tano ya ndiyo au hapana, ya kupima huzuni. Wangekuwa wengine wangemwandikia maswali kwenye karatasi, lakini kanuni inataka maswali yasomwe kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kubadilisha neno. Da-hye alipandisha sauti kadiri alivyoweza. Mzee Pyo alimwona, akampa mto wa kukalia, kisha akarudi kumsikiliza mkewe aliyekuwa anaandaa meza.

"Je, kwa jumla umeridhika na maisha yako?" alisoma Da-hye.

"Supu imekolea chumvi?" aliuliza Bun-nam.

"Ndiyo," alisema mzee. "Imekolea vizuri sana."

Da-hye akaweka alama.

"Je, umeacha shughuli nyingi ulizokuwa unazipenda?"

"Nikuongezee wali?"

"Hapana, nimetosheka."

"Je, mara nyingi unajiona huna msaada?"

"Hivi unaniona nimekonda?" aliuliza Bun-nam, na mwaka ule hakupata jibu.

"Ndiyo," alisema mzee. "Umekonda. Umekonda sana, nami nilikuwa naona."

Da-hye, ambaye alikuwa anajinyima chakula tangu Februari, alishukuru na kuandika ndiyo.

"Je, unaona ni jambo jema kuwa hai hivi sasa?"

"Kwa hiyo wiki ijayo tutakwenda hospitali, Baba Jin-uk?"

"Ndiyo!" alisema mzee, machozi yakimtoka. "Hata kesho. Hata sasa hivi, chukua koti."

Maswali yalipokwisha Da-hye alijumlisha na kupata alama moja. Aliandika kwamba mzee ana moyo mchangamfu, anafurahia mlo, na anapenda safari. Wanaopata alama nyingi huingizwa kwenye orodha ya kutembelewa kila wiki. Mzee Pyo hakuingizwa. Da-hye alimwachia kalenda yenye picha za mazoezi ya shingo, akainama kuaga, na mlangoni akamwambia maneno ya kumtia moyo ambayo yatafika Mei ya miaka mitatu ijayo.

Juni ilipoanza watu wa Solgol waliingia mashambani na hawakuinua tena vichwa. Mzee Pyo naye alikuwa na vitunguu. Oktoba iliyopita alikuwa amepanda matuta kumi na mawili badala ya arobaini, kwa sababu mkono uliozoea kupanda hupanda. Aling'oa asubuhi mapema, kabla sauti ya mkewe haijaamka, na kurudi mbio. Kule shambani alisikia tu uma wa kung'olea vitunguu ukiingia udongoni na pumzi zake mwenyewe.

Tarehe saba Bibi Jeom-sun alikuja na karatasi aliyokwisha kuiandika nyumbani. Ilisema: Shemeji, keshokutwa usikae hapa. Mwenyekiti anapeleka gari mjini, nenda ukaoge maji ya moto, ushinde huko, urudi jioni.

"Katikati ya mavuno?" alisema Mzee Pyo. "Wewe umesikia wapi mtu anaoga katikati ya mavuno?"

Jeom-sun akamnyang'anya karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: HUNA UNACHOTAFUTA.

"Ninacho. Mlisema hakunena neno. Nataka kujua kama aliniita."

Alikuwa hajawahi kulitamka hilo mbele ya mtu. Kama aliitwa, akiwa hatua mia tatu tu, na wakati huo masikio yake yakifanya kazi, basi kila usingizi aliolala tangu hapo ulikuwa wa wizi. Kama hakuitwa, angeweza kuzeeka kama watu wengine. Jeom-sun alikaa na kalamu mkononi. Mwishowe aliandika kwamba ameacha maharage motoni, akaondoka, na kigari chake kiligonga nguzo ya lango wakati wa kutoka.

Kesho yake ujumbe wa mwanawe uliingia kwenye simu. Jin-uk anaishi mji wa Suwon na mwanawe Ha-ram, na hufanya kazi kwenye kampuni ya lifti. Aliandika: Baba, kumbukumbu ya mama mwaka huu tutachelewa kidogo. Mtihani wa Ha-ram ukiisha tutakuja wote. Umekula? Mzee Pyo aliusoma mara mbili. Hakukasirika, maana sentensi ile ilikuwa yake mwenyewe, mwanawe alikuwa amebadilisha zao tu. Akajibu kwamba amekula.

Tarehe tisa Juni aliamka, akang'oa hadi yakabaki matuta mawili, akaosha mikono, na saa mbili asubuhi akakaa uani kwenye kigoda cha Bun-nam. Mkasi ulikuwa bado umetundikwa kwenye msumari chini ya upenu, na kutu kidogo. Alisikia sauti yake ya mwaka ule ikisema, "Nimekwenda." Alisikia pawatila ikiwaka, ikikohoa, ikiteremka njia ya shambani. Halafu mkasi ukaanza, chak, chak, mzizi na bua, na vichwa vya vitunguu vikidondoka kwenye beseni. Bun-nam aliimba kidogo. Alimfukuza paka. Akanyamaza, na mkasi ukawa unasimama baada ya kila kichwa.

"Baba Jin-uk," alisema.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba aletewe ndoo. Sauti hiyo isingefika hata langoni, sembuse shambani. Mzee Pyo alisema, "Nipo," na kusogea kwenye kigoda ili mkewe apate nafasi.

Ndipo akasikia magurudumu ya kigari cha mtoto yakiingia uani.

"We Bun-nam," ilikuwa sauti ya Jeom-sun, "mbona umekuwa mweupe hivyo? Rangi hiyo siipendi. Unatokwa jasho."

"Kifua tu."

"Kifua tu! Nimwite mumeo?"

"Mwache. Bado matuta mawili."

"Aache hayo matuta, ni mwanaume wa namna gani? Nakwenda kumwita."

"Usimwite, nakuomba. Ukimkatiza ananuna siku mbili, na mimi ndiye ninayekaa naye. Akimaliza atakuja mwenyewe. Alisema tukimaliza vitunguu tutakwenda hospitali. Leo tunamaliza."

Mkasi ulikata kichwa kimoja.

"Haya," alisema Jeom-sun. "Na mimi vyangu viko juani. Nitapita mchana."

Magurudumu yakatoka. Mkasi ukaendelea. Mzee Pyo aliukazia masikio yote mawili. Chak. Akasubiri. Chak. Mara moja kichwa cha kitunguu kilidondoka nje ya beseni na kubingirika, na hapakuwa na mtu wa kukiokota. Kisha mkasi wenyewe ukaanguka kwenye saruji, na baada ya hapo ikawa sauti ya nzi, na upepo kwenye majani makavu, kwa muda wa saa moja na nusu. Aliusikiliza wote. Hakulia, ila aliikalia mikono yake.

Mchana pawatila ikapanda njia. Ikazimwa. Zikasikika buti zake, kisha bomba la maji, kisha sauti yake mwenyewe kutoka bombani, ya mtu aliyewapa mgongo watu.

"Chakula."

Maji yalimwagika kwa muda.

"We mama, nimemaliza. Chakula!"

Aliyakumbuka yaliyofuata, hakuhitaji kuyasikia. Aliinua kichwa. Bibi Jeom-sun alikuwa amesimama langoni, wa leo, na kigari chake, na haikujulikana amesimama hapo tangu saa ngapi. Midomo yake ilicheza kwa muda mrefu, akajipiga kifua kwa ngumi, akasema tena. Karatasi na kalamu vilikuwa kwenye kigari, lakini hakuvigusa. Alichosema, Mzee Pyo atakisikia akiwa na miaka themanini na minne.

"Nimesikia," alimwambia. "Vitunguu vyako viko wapi?"

Jeom-sun alinyoosha kidole kuelekea nyumbani kwake. Vilikuwa juani. Alisimama kidogo tena, akafuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akageuza kigari na kwenda kuviondoa.

Mzee Pyo alibaki uani. Alianza kufikiri juu ya kesho. Tangu mazishi yalipokwisha hakuna aliyesema kitu ndani ya nyumba ile zaidi ya televisheni na jokofu. Miaka mitatu ya jokofu ndiyo iliyokuwa mbele yake, na hata simu za Jin-uk za Jumapili zingekuwa ni yeye mwenyewe akisema sijambo, nimekula, sijambo. Alisimama mahali penye kigoda, akageukia kilipokuwa kichwa cha Bun-nam, na kusema kwa sauti ya juu kuliko aliyowahi kuitumia nyumbani:

"Acha hivyo vitunguu, Mama Jin-uk. Simama. Twende."

Hakuisikia sauti yake. Maneno hayo yatafika tarehe tisa Juni, miaka mitatu ijayo, mchana, hapo uani, kama atakuwepo mtu wa kuyapokea.

Kisha akachukua uma, akapitia langoni na kuteremka njia ya shambani. Mvua ilikuwa imetangazwa kwa ajili ya Alhamisi, na bado kulikuwa na matuta mawili.